Visanduku Vinne

Mimi Mize Faki, karani wa mizani,
kituo cha karafuu, nje kidogo ya Wete,
na hii ni hesabu ya wiki moja tu
katika msimu ulioingiliwa na mvua.

Magunia mia mbili. Mpeta, ishirini:
karafuu zilizovunda, rangi ya kutu na jivu,
hazina harufu ya kumgeuza mtu shingo.

Bwana Shaame, mpimaji, hana haja ya kalamu.
"Hesabu mpeta," aniambia. "Magunia kumi na sita
kati ya ishirini yametoka Mtambini.
Manne katika kila matano!
Samaki mmoja akioza..."
na methali huiachia hapo,
kama aachaye mlango wazi
akijua paka atajiingia mwenyewe.

Tangu Jumatatu, gunia la Mtambini halifunguliwi.
Mtu hufika na punda wake, huulizwa atokako,
kisha huonyeshwa njia ile ile.

Usiku nikachana karatasi ya daftari,
nikachora mstari wa kulala na mstari wa kusimama:
visanduku vinne,
kama chumba cha kwetu kilivyogawiwa kwa khanga.
Mtambini: mpeta kumi na sita, nzuri mia na arubaini na nne.
Kilimajuu: mpeta manne, nzuri thalathini na sita.

Nikasoma kwanza kama asomavyo Shaame:
katika mpeta, mangapi ya Mtambini?
Mengi. Kweli tupu.
Shaame hasemi uongo, na hiyo ndiyo taabu yake.

Nikalaza karatasi ubavu:
katika ya Mtambini, mangapi mpeta?
Kumi na sita kwa mia na sitini.
Katika ya Kilimajuu?
Manne kwa arubaini.
Kumi kwa mia.
Kumi kwa mia.
Nilirudia kwa vidole, kama mtoto wa chuoni.

Mtambini wana mpeta nyingi
kwa kuwa wana karafuu nyingi. Basi.
Maneno ni yale yale,
ila "katika" limehama kiti,
na mtu akarudishwa na punda wake maili nne.

(Mama yangu kazaliwa Mtambini.
Mwaka ule wakwe walipokataa, walisema:
waliotalikiwa hapa mjini, wengi wa huko.
Hawakuuliza walioolewa wa huko ni wangapi.
Siku hiyo sikuwa na karatasi.)

Nikachora tena. Safari hii nikauliza mvua.
Magunia yaliyochumwa kabla ya ile ya Ijumaa,
karafuu zikalala ndani zimerundikwa: ishirini na tano.
Mpeta humo, kumi na tano.
Yaliyobaki yote, mia na sabiini na tano:
mpeta matano.
Hapo visanduku vikaanza kusemezana.
Sisemi mvua ndiye mwizi.
Nasema ameonekana pale pale
mara nyingi mno kuwa mpita njia.

Asubuhi nikampa Shaame karatasi.
Akaitazama kama risiti ya deni la mwingine.
"Haya. Fungua la Bi Tumu."

Nikakata uzi mwenyewe, nikatia mkono.
Zilikuwa laini, na harufu ya chachu.
Mpeta.

Shaame alicheka hata akakohoa.
Bi Tumu alikuwa akitazama viatu vyake.
"Zililala ndani siku mbili, mwanangu.
Ningezianika wapi?"

Sikuwa na neno.
Kumi kwa mia si sifuri;
lazima wawepo watu ndani ya ile kumi,
na leo mmoja wao amesimama mbele yangu
na nauli ya mkokoteni hajailipa.

Nikafuta kumi na sita, nikaandika kumi na saba.
Nikafuta jumla ya pembeni, na ya chini, na ya pembe.
Karatasi ikatoboka kidogo.

Nyuma yake gunia jingine la Mtambini,
mwenyewe keshaanza kumgeuza punda.
"Wee!" nikamwita. "Warudi wapi?
Lete. Fungua."